Halua ya Kuaga

Malaz, Riyadh
15 Septemba 2024

Shangazi yangu Mwatima,

Shikamoo. Salamu zangu zikufikie kabla Idi hajazimwagia chai ndani ya trela lake. Mimi mzima, ila joto la huku halina habari kwamba Septemba imeingia. Nisalimie Baba, nisalimie na wajukuu zako, na uwaambie wasiguse baiskeli yangu iliyo kwenye ngazi.

Naandika kwa kalamu kama ulivyoamuru. Kweli simu ya nyumba yetu si ya mtu mmoja. Anayeipokea anaiweka spika, na kabla sijamaliza kusalimia, jirani wa juu keshajua nimekula nini. Ila usinirudishie barua yangu na wino mwekundu kama ile ya mwaka jana. Kiswahili changu ni hiki hiki ulichonifundisha wewe.

Habari zangu ni nzuri. Nimehama hosteli. Sasa nakaa Malaz, chumba cha watu watatu, na mwenzangu mmoja anakoroma kama jenereta. Mwambie Idi asipeleke tena mizigo kule nilikokuwa zamani. Nimemchorea ramani nyuma ya bahasha. Mpira unakwenda vizuri sana. Jumamosi tulishinda na mimi nikafunga, tena kwa mguu wa kulia, ule ambao Baba anasema ni wa kukanyagia breki tu. Nacheza winga ya kushoto. Uwanja ni wa nyasi za kweli, Shangazi, ukianguka unainuka bila kuchubuka. Sikujua kama uwanja unaweza kunukia.

Masomo yapo.

Nina swali, na si langu, nauliza tu. Mtu akiwa anasoma famasia, yuko mwaka wa tatu, halafu akaona moyo wake unamvuta kwingine, unadhani Baba atasemaje?

Wako,
Mazin


Ruwais, Jeddah
4 Oktoba 2024

Mwanangu Mazin,

Marahaba. Barua yako imefika na alama ya kidole cha mafuta, kwa hiyo najua kweli imepita mikononi mwa Idi. Binamu yako huyu kila nikimwambia haraka, anaona nimemwambia apitie Taif kwanza. Trela lake la vigae lilikaa huko wiki nzima, na barua yako ndani.

Hapa tupo. Kolekole wameanza kupatikana, nimekaanga jana nikakukumbuka. Madrasa yangu ya sebuleni imejaa mpaka nimetoa kochi nje. Kuna mtoto mpya anasoma kwa sauti nzuri, lakini haoni tofauti ya siku ya kuja na siku ya kutokuja. Baiskeli yako imeshaguswa. Baba yako mzima.

Sasa tuzungumze. Umeniandikia ukurasa mzima wa mpira, na masomo umeyapa maneno mawili: "Masomo yapo." Hata kochi langu lipo, na liko nje. Halafu Idi ananiambia pale alipokuletea mzigo, juu ya geti pameandikwa jina la chuo kingine. Idi hajui kusema uongo, akili ya kazi hiyo hakupewa. Kwa hiyo nakuuliza kwa kalamu yangu: umehama hosteli, au umehama chuo?

Na huyo mtu usiyemtaja, mwenye moyo unaovutwa, mkumbushe hali yake. Mimi marehemu mume wangu aliniachia uraia. Baba yako hakubahatika, ijapokuwa kazaliwa hapa hapa Jeddah, na mama yetu alinibeba mimi mgongoni kuja huku tulipotoka Unguja. Baba yako anakaa kwa ikama, kibali cha ukaazi tu, na mtoto wa kiume aliyevuka miaka ishirini na moja anakaa kwenye ikama ya baba yake kwa sababu moja tu, kwamba anasoma. Huyo mtu wako keshatimiza ishirini na mbili.

Nijibu swali nililokuuliza, usinijibu jingine.

Shangazi yako


Riyadh
22 Oktoba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Hali yangu njema na natumaini mafua ya wajukuu yameisha, nimesikia Idi akiyasema. Huku upepo wa vumbi ulifunga barabara siku nzima, tukafanyia mazoezi ndani ya ukumbi, tukawa kama kuku kwenye banda.

Nimehama chuo.

Nimeliandika peke yake ili usilitafute. Nimehama tangu muhula huu kuanza. Kocha wa chuo kipya alikuja kunitazama mara tatu, na mara ya tatu akaniita kando akaniambia nikijiunga na timu yake nitacheza ligi ya vyuo mwanzo mpaka mwisho, kisha atanipeleka kwenye majaribio ya klabu. Siku hizi klabu zinaruhusiwa kuwasajili tuliozaliwa hapa hata kama hatuna uraia. Kule nilikokuwa timu haina hata wavu wa goli, Shangazi. Tulikuwa tunabishana kama mpira umeingia au haukuingia.

Na usiseme sikufikiri. Nimefikiri mpaka nimechoka. Nikiwa maabara napima unga wa dawa, miguu yangu chini ya meza inacheza. Nikiwa uwanjani imetulia. Nyote mnaniambia nimshukuru Mungu kwa nafasi niliyopata, nami namshukuru, lakini siwezi kukaa. Sijui nilieleze vipi. Naamka asubuhi nikihisi kuna mahali nachelewa.

Masomo yangu ya zamani bado yanaangaliwa na ofisi ya chuo kipya, watazame yapi watayahesabu. Kocha anasema hilo dogo.

Baba usimwambie. Nitamwambia mwenyewe tukishinda kombe. Na mbona habari zake zote ni neno moja, "mzima"? Nikimpigia anasema yuko njiani. Njia gani hiyo isiyofika?

Mazin


Ruwais
10 Novemba 2024

Mazin,

Marahaba. Nimeisoma barua yako nikaiweka, nikaenda kukoroga uji wa watoto, ukaungua. Nimeona nikuambie hilo kwanza ili ujue hali niliyonayo.

Mafua yameisha. Baba yako mzima.

Sitakugombeza kuhusu mpira. Babu yako alikuwa akitoroka dukani Balad kwenda kutazama watu wanacheza, na baba yako naye miguu yake haikulala mpaka ulipozaliwa. Sishangai umeurithi. Ninachotaka kujua ni kimoja: ulipoondoka ulimuaga nani?

Wewe umekulia sebuleni kwangu, umeona. Mtoto akiletwa kwangu kutoka kwa mwalimu mwingine, simpokei siku hiyo. Namwambia mama yake arudi kwa mwalimu wa kwanza na bakuli la halua, aombe radhi, na yule mwalimu amwekee mtoto mkono kichwani, aseme mbele ya watu: huyu kafika hapa. Sura hii, ukurasa huu. Nikishalisikia hilo, naanza naye ukurasa unaofuata. Asiyeaga namwanzisha alifu, hata awe ameshahifadhi nusu ya msahafu. Watu wanadhani namkomoa. Simkomoi. Sijui alipofika, na mtoto mwenyewe hawezi kujishuhudia.

Kwa hiyo nakuuliza. Yule mwalimu wako uliyekuwa ukinipigia hadithi zake, Daktari wa maabara, ulikwenda kumuaga? Na hao wapya wamekuanzisha wapi?

Nasubiri. Idi atakuwa huko mpaka Jumapili.

Shangazi yako


Riyadh
9 Januari 2025

Shangazi,

Shikamoo, na unisamehe. Idi kaja na kuondoka mara nne, kila mara nikamwambia barua haijaisha. Haikuwa imeanza. Huku baridi imeingia, navaa soksi mbili, na wenzangu wanawasha moto nyuma ya hosteli wanakaanga vitunguu. Sweta ulilonitumia limefika. Mikono ni mirefu, lakini joto lipo.

Wameniweka alifu.

Wamehesabu Kiarabu, Kiingereza na utamaduni wa Kiislamu, basi. Famasia yote, miaka miwili na zaidi, wameitupa nje. Walitaka maelezo ya masomo kutoka kitivo changu cha zamani, yawe na mkono wa mwalimu na mhuri, na mimi sikwenda kuyachukua. Kwa hiyo wameniandikisha diploma ya usimamizi wa michezo, ya mwaka mmoja. Nilimuuliza Kocha, nikishamaliza huo mwaka je? Akasema, "Halas, Mazin, cheza. Mengine baada ya kombe." Akaniambia nikakimbie mizunguko.

Ulichouliza nakijibu. Sikumuaga. Daktari Amal alikuwa amenipa kazi ya kumsaidia na wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Alinikabidhi ufunguo wa kabati la vyombo vya kioo, mbele ya wote, mimi mtoto wa mtu asiye na jina. Siku ya mwisho nilimuona kwenye korido anakuja upande wangu, nikageuka nikashuka ngazi za wafanyakazi. Koti langu jeupe nililiacha likining'inia kwenye msumari. Ufunguo ninao mpaka leo, uko kwenye begi la viatu. Nilikuwa na haya, Shangazi. Ningemwambia nini? Kwamba naacha dawa nakwenda kukimbiza mpira? Nikaona bora aje aone mwenyewe sipo.

Tumeingia robo fainali. Nimefunga mabao sita, na sina wa kumwambia.

Ikama yangu inaisha baada ya sikukuu ya Idi. Baba ananiambia ataishughulikia, kisha anakata simu. Kuna nini huko?

Mazin


Ruwais
24 Januari 2025

Mwanangu,

Marahaba. Sweta nililishona nikikupima kwa kumbukumbu, kumbe kumbukumbu yangu imekurefusha mikono.

Nimekatazwa kukuambia. Nakuambia.

Baba yako hana kazi tangu Agosti. Lile ghala la vipuri kule Mahjar limefungwa, kafili wake, yule tajiri aliyemdhamini, kauza kila kitu kwa watu wengine, na hao wengine hawakumtaka mtu wa umri wake. Kila asubuhi anavaa shati lake la kazi anatoka, anazunguka Mahjar mpaka Balad akitafuta kafili mwingine. Ukimpigia anakuambia yuko njiani, na ni kweli, yuko njiani. Alinifunga mdomo: "Mtoto afanye mitihani yake kwanza, Dada, asibabaike." Mimi nikawa nakuandikia kwamba mzima. Hakuumwa popote, kwa hiyo sikudanganya, lakini niliona aibu kila nilipoliandika.

Asipopata kafili atapewa karatasi ya kutoka nchini moja kwa moja. Akitoka yeye, ikama yake inakufa, na yako imeshikamana nayo. Sasa nisikilize. Nimekwenda kuuliza kwa mtu anayezijua karatasi. Chuo kile cha kwanza kina njia ya kumdhamini mwanafunzi wa digrii kwa jina la chuo chenyewe, ikiwa mwalimu wake atasimama naye. Diploma ya mwaka mmoja haina udhamini huo. Utoke huku uende wapi? Unguja hujaiona. Hata mimi siikumbuki, nilikuwa mgongoni.

Nimepika halua. Nimeikoroga tangu asubuhi mpaka bega limekufa, nikatia zafarani yote niliyokuwa nayo. Hii si yako, na usiifungue. Mpelekee Daktari Amal, umrudishie ufunguo, umuombe radhi, na umuombe aseme ulipofika. Usimuombe kitu kingine chochote kabla ya hicho.

Shangazi yako


Riyadh
20 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nianze na baya.

Halua imeliwa. Niliiweka juu ya kabati, nikasema nitakwenda Jumapili. Jumapili tulikuwa na mazoezi. Jumatatu nikafika mpaka kwenye geti la chuo cha zamani, nikamuona mlinzi ananitambua na kunichekea kwa furaha, nikageuka nikapanda teksi. Nilivyorudi nikakuta bakuli liko katikati ya sakafu na wenzangu wanalipangusa kwa mkate. Yule wa kukoroma alikuwa analia kwa utamu, anauliza ni nini hiki. Nilimsukuma ukutani. Sijawahi kumsukuma mtu nje ya uwanja.

Sasa jingine. Baba alikuja.

Hukuniambia, au hukujua. Alikuja na Idi kwenye trela, siku ya nusu fainali. Nilikuwa nakwenda kupiga kona nikamuona kwenye jukwaa, amekaa peke yake, na lile shati la kazi la bluu. Nimevaa jezi yenye jina la chuo kingine mgongoni na kifuani, Shangazi, herufi kubwa, na yeye anajua kusoma. Kona ile niliipiga nje kabisa. Baadaye nikafunga la ushindi, na badala ya kushangilia nikaangalia chini.

Mechi ilipokwisha alinisubiri pamoja na Idi karibu na bomba la maji. Akanifuta jasho kwa kanzu ya Idi, mbele za watu, kama nina miaka saba. Akasema, "Umecheza vizuri. Mguu wa kulia umepona." Hakusema neno kuhusu jezi. Mimi najua kwamba hana kazi, yeye hajui kama najua. Nikamuuliza kazi vipi, akasema kazi haziishi. Tukanywa chai kwenye vikombe vya karatasi tukizungumza habari za breki za trela. Kisha akapanda, akafunga mlango, akaufungua tena akasema nivae sweta.

Tangu siku hiyo silali vizuri wala sichezi vizuri. Fainali na majaribio ya klabu vyote ni mwisho wa Ramadhani. Kocha kaniambia jina langu ni la kwanza. Nikiondoka kwenye chuo hiki, nimeondoka kwenye timu, na majaribio nimeyaondokea. Hakuna kati na kati, nimeshauliza.

Unanitaka nini, Shangazi? Uniambie waziwazi. Nimechoka kuwa mtu wa kugeuka getini.

Mazin


Ruwais
6 Machi 2025

Mazin,

Marahaba, na Ramadhani njema. Naandika kwa haraka, sambusa ziko mezani hazijakunjwa na Idi anapiga honi chini.

Sikujua kama baba yako anakuja huko. Aliniambia anakwenda Rabigh kuonana na mtu wa kazi. Aliporudi alikaa jikoni akaniambia, "Dada, yule mtoto anacheza." Halafu akasema, "Nilitaka nimuone kabla sijaondoka." Hapo ndipo nilipojua kwamba ametia saini karatasi ya kutoka. Kuhama kwako anakujua tangu Oktoba. Idi, nilikuambia, hajui kusema uongo.

Anaondoka katikati ya Aprili.

Unaniuliza nakutaka nini. Sikutaki uache mpira, wala sikutaki uushike. Nakutaka uondoke mahali kama mtu, uaminike unakokwenda. Ukiamua kubaki na Kocha wako, baki, lakini nenda kwanza ukamtazame yule mwanamke usoni umwambie. Mimi nikifa kesho sitaki mtu aseme mtoto niliyemlea hushuka kwa ngazi za wafanyakazi.

Nimepika nyingine. Safari hii mabakuli mawili. Lenye kitambaa cheupe ni la mwalimu. Lenye kitambaa chekundu ni la hao walafi wenzako, ili waliache la mwenzake. Na huyo uliyemsukuma ukamwombe msamaha. Mtu anayelia kwa halua yangu ana moyo mzuri.

Honi tena. Nenda.

Shangazi yako


Riyadh
23 Machi 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Saumu zinakwenda, midomo imekauka, na nimeshika kalamu kwa sababu siwezi kulisema hili kwenye spika.

Nilikwenda Jumatatu mchana. Nilimkuta Daktari Amal maabara, anawagombeza watoto wa mwaka wa kwanza kwa kuvunja mrija. Nikasimama mlangoni na bakuli kama mposaji. Aliponiona hakushangaa. Akasema, "Nani kafa?" Nikasema hakuna, nimekuja kuaga. Akatazama saa akasema nimechelewa tangu mwaka jana.

Nikamrudishia ufunguo. Nikamuomba radhi kwa maneno niliyoyafanyia mazoezi njia nzima, na yote yakanitoka, nikabaki nasema "samahani" tu. Nikamweleza ya bakuli, kwamba kwetu mwanafunzi akihama, mwalimu wake husema alipofika. Yeye mtu wa Jeddah, bibi yake alikuwa akifundisha watoto Kurani nyumbani kwao Balad. Akakaa. Akaniuliza maswali, moja baada ya jingine, dawa hii na ile, vipimo, mchanganyiko gani unaua na gani unaponya. Mengine nilijibu, mengine nimesahau, na kila nililosahau lilinichoma. Mwisho akasema: "Umefika katikati ya mwaka wa tatu. Ndipo ulipo. Sasa niambie, unataka niwaandikie hao wapya, au unataka kurudi?"

Sikujua kama kurudi kupo. Alikuwa hajaniondoa, Shangazi. Aliwaambia kitivo nimesimamisha masomo kwa dharura ya nyumbani. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Koti lako lilikuwa bado hapa. Mtu aliyeacha kabisa huchukua koti lake." Siku ya mwisho ya kurejesha jina ilikuwa Jumatano.

Nikamwambia ya Baba. Nililia kidogo, nisikufiche. Akasema ataandika barua ya udhamini, lakini kwa mwanafunzi wake, si kwa mchezaji wa chuo kingine.

Jumanne nilikwenda kwa Kocha. Sikushuka ngazi za nyuma. Nilichukua bakuli la kitambaa chekundu, wenzangu wakaniruhusu, hata yule wa kukoroma, ambaye kumbe anaitwa Fidel na nimekaa naye miezi sita nikimwita Jenereta. Kocha alikuwa anapanga koni uwanjani. Nikamwambia naondoka, nikamshukuru, nikamuomba radhi. Alinitukana kidogo, kisha akaweka koni chini. Akasema miaka yote anafundisha, wachezaji wanampotea tu, wanazima simu. Nikadhani analainika. Nikamwomba basi awaambie watu wa klabu nilipofika, labda mwaka mwingine. Akasema, "Mafi, hakuna mwaka mwingine. Wiki ijayo yuko mwingine kwenye winga." Bakuli alilipokea. Mkono hakunipa.

Nimepita pembeni ya uwanja nikitoka, nyasi zilikuwa zimetoka kumwagiwa maji. Nilitaka kurudi. Bado nataka, hata sasa naandika miguu inacheza chini ya meza. Usinipongeze, tafadhali. Nimefanya ninachojua ni sawa na kinaniuma kila nikikaa.

Jumatano nilirejesha jina, na koti bado lilikuwa kwenye msumari. Limenibana mabegani.

Nitakuja Jeddah kumuaga Baba. Mtihani wa kurejea umeangukia wiki yake ile ile ya mwisho, lakini nitakuja.

Mazin


Ruwais
19 Aprili 2025

Mwanangu Mazin,

Salamu zote ulizotuma nimezifikisha, na moja haikumkuta mwenyewe.

Usijilaumu kwamba hukuwahi. Baba yako mwenyewe ndiye aliyekupigia akakukataza, nilikuwa nimesimama hapo. Alisema ukikosa mtihani kwa ajili yake, safari yake yote itakuwa bure. Karatasi yako ya udhamini ameiona, Idi aliileta, ameisoma kwa miwani na bila miwani. Alinitaka nimsomee tena pale palipoandikwa mwaka wa tatu.

Siku zake za mwisho alizitumia kuaga. Aliingia kila nyumba ya Ruwais tuliyowahi kula chumvi yake, akaenda mpaka Mahjar kwenye lile ghala lililofungwa, akamuaga mlinzi. Mimi nilipika halua mpaka sufuria ikaniona adui. Kwa kila mtu bakuli dogo, na maneno yale yale: nisamehe, nimekusamehe, nimeondoka. Watu walikuwa wanalia, yeye anawatania. Alimwambia muuza samaki kwamba anakwenda kutazama kama wauza samaki wa Unguja nao wanaiba kwenye mizani.

Asubuhi ya safari alikuja sebuleni, watoto wa madrasa wako darasani. Alikaa chini kwenye mkeka mbele yangu, mtu mzima wa miaka hamsini na sita na mvi zake, akasema, "Dada, na mimi ulinifundisha. Niage."

Nikamwekea mkono kichwani kama ninavyowawekea wao. Hapo, Mazin, desturi ni kumtaja mwalimu anayekwenda kwake. Namtaja kwa jina, namwambia mpokee huyu, kafika hapa. Nikafungua kinywa nimtaje mtu wa kumpokea huko. Nikatafuta jina, la ndugu, la jirani, la mtu yeyote anayetujua katika nchi ile iliyoandikwa kwenye pasi yake. Sikulipata hata moja.

Nikamwambia, "Wakikuanzisha alifu, kubali. Lakini waambie dada yako wa Ruwais anashuhudia kwamba umefika."

Akauliza, "Nimefika wapi?"

Nikasema, "Una mtoto mwaka wa tatu."

Akacheka, akainuka, akajipangusa magoti. Idi akampeleka uwanja wa ndege.

Sasa kaa usome. Na jioni, miguu ikikusumbua, toka ukacheze, hata kwenye goli lisilo na wavu. Baba yako kaacha ile baiskeli ameifunga breki mpya. Mwandikie yeye kwanza kabla yangu. Anuani hana bado, lakini andika, uiweke, tutaipata.

Ni mimi, niliyebaki huku nikikushikia nafasi,
Mwatima